Zile "Ee" Zako Nilizozikata

Mama Sekela, ugonile.

Najua salamu hii huulizwa mtu aliyeamka, na wewe hujaamka tangu mvua za mwaka jana. Lakini ulinikataza kuanza maneno na mtu mzima kabla ya kumjulia hali, hata akiwa amenuna, hata akiwa mgonjwa, na hukusema kwamba akiwa kaburini basi. Kwa hiyo nakuamkia. Ni mimi Ambakisye, yule uliyekuwa ukimtambulisha kwa wageni kama Fundi Mkasi mpaka naona haya.

Nakuandikia kutoka Guangzhou, chumba cha ghorofa ya nane, Xiaobei. Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, na mtaa wa Dengfeng huko chini umeshajaa. Wakongo wanapakia marobota, na kuna mama wa Tanga namsikia mpaka huku juu akimwambia mwenye duka la simu, "Laobani, mimi si mgeni bwana, hiyo bei kamwuzie aliyeshuka jana!" Laobani ndiyo bosi, kwa Kichina chetu cha sokoni. Ungekuwepo ungeniambia nifunge dirisha, halafu ungelifungua mwenyewe usikilize.

Nina jambo la aibu na jambo la ajabu, na yamefungana hivi kwamba siwezi kulisema moja nikaliacha lingine. Naanza na la aibu, maana nikiliweka mwisho nitalikimbia.

Ulipofariki sikuweza kuja. Siku moja kabla ya maziko Sekela alinipigia. Akasema ndugu wameomba sauti yako isikike kanisani, dakika moja tu, na kwamba mimi ndiye mwenye rekodi za kazi zetu zote za miaka sita. Nikasema sawa dada, nipe muda kidogo. Baada ya saa mbili nikampigia nikamwambia diski imeharibika, haifunguki. Akasema haidhuru kaka, hata wewe umefiwa. Ukazikwa bila sauti yako kusikika.

Diski haikuharibika, Mama. Iko hapa mezani, nzima, taa yake ya kijani inawaka. Nilimdanganya mwanao siku ya msiba wa mama yake.

Sasa nikueleze habari za Yésica, maana bila yeye ningekufa na uongo wangu. Ni binti wa Kibolivia, anasomea kilimo chuoni kwetu, tulikutana kwenye ibada ya wageni ya Jumapili. Mimi Kihispania sijui, Kiingereza yeye kinamtoka kwa tabu, basi tunazungumza Kichina. Fikiria, Mama: Mnyakyusa wa Tukuyu na binti wa milima ya Andes, tunaongea habari za Mungu kwa maneno tuliyojifunza kununulia tambi! Wakati mwingine neno linakosekana pande zote mbili, tunaishia kucheka. Lakini tunaelewana. Ananiita turay, yaani kaka yangu, kwa lugha yake.

Hiyo lugha yake ni Kikechua. Ni lugha ya watu wa milimani waliokuwepo kabla Wahispania hawajafika, na bado wapo, wanalima viazi mahali pa juu ambapo sisi tungekosa pumzi. Redio wanazosikia kijijini kwao zinatoka mjini na zinasema Kihispania. Yésica aliniambia bibi yake, Bibi Asunta, amesali miaka yote hiyo, ila redio ya Kikristo ikifunguliwa yeye hukaa kama mtu aliyealikwa harusi akasahauliwa mlangoni. Akina mama wa kanisa lao walitaka vipindi vya lugha yao wenyewe. Hawakujua waanzie wapi.

Mimi nikasema, kazi hiyo naijua. Nikajipiga kifua, Mama. Nikamsimulia jinsi wewe na mimi tulivyozunguka Rungwe nzima kurekodi shuhuda za wazee kwa Kinyakyusa, tukaziweka kwenye kadi, tukazigawa. Nikamwambia aliyenifundisha ni wewe, na kwamba hakuna mtu Afrika Mashariki aliyejua kumfanya mzee aseme kama wewe. Hilo lilikuwa kweli. Mengine yalikuwa majivuno.

Tukapanga hivi. Akina mama wa kule warekodi kwa simu, watutumie. Mimi nisafishe, niunganishe, nitie muziki. Kisha tununue hapa redio ndogo za sola zenye tundu la kadi, tuzipakie vipindi, zisafiri. Ushirika wetu wa hapa ukachanga, kanisa la kule likachanga. Nikamwona Laobani Huang, mama mmoja mwenye kibanda soko la vifaa vya sauti, akaniwekea redio kando. Mambo yalinyooka mno, na wewe ungeshtuka mapema kuliko mimi.

Rekodi ya kwanza ilikuwa ya Mama Saturnina, mama yake Yésica. Anasimulia mwaka ambao mvua ya mawe iliua viazi vyote, na jinsi akina mama walivyokaa kanisani kufunga na kuomba, kisha wakatoka wakagawana mbegu za mwenye nazo. Dakika arobaini. Sikuelewa neno, lakini niliona nywele zinanisimama. Upepo wa kule hauna mfano, unavuma kama kuna mtu anavuta turubai juu ya paa. Kuna mbwa. Kuna moto unaopasua kuni. Na kila Mama Saturnina akifika mwisho wa maneno, kuna sauti ya kikongwe karibu yake inasema "arí." Maana yake ndiyo. Arí. Arí. Arí. Alikuwa Bibi Asunta, amekaa na binti yake mekoni.

Unajua nilichofanya. Nilichukua wiki mbili. Niliondoa upepo, nikaondoa mbwa, nikaondoa moto, na zile arí nikazitoa moja moja kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Nikaziba nafasi zake, maneno yakafuatana vizuri. Nikatia gitaa mwanzo na mwisho. Ikatoka dakika ishirini na mbili, safi kama maji ya chupa. Nikamtumia Yésica, nikakaa kusubiri sifa.

Akina mama waliisikiliza Jumapili baada ya ibada. Siku iliyofuata Yésica aliniita kwenye mgahawa wa tambi, wa Waislamu wa Lanzhou, pale karibu na chuo. Hakula. Bakuli lilipoa mbele yake. Akanieleza taratibu, kwa Kichina rahisi, kwamba mwanzoni walifurahi. Halafu wakawa wanatazamana. Ilipokwisha, mama mmoja aliyetoka kijiji cha mbali akamwendea Mama Saturnina, akamshika mikono yote miwili, akamwuliza mama yako amefariki lini, mbona hamkututumia habari.

Na Bibi Asunta alikuwa amekaa hapo hapo, benchi ya pili.

Kikongwe alisimama, akajifunga shali yake, akasema, "Wamenizika," akatoka nje. Tangu siku hiyo akakataa kukaa karibu na simu yoyote inayorekodi. Na wenzake wakasema asipokaa yeye hawakai. Hakuna vipindi. Redio zibaki China.

Mimi, badala ya kunyamaza, nikajitetea. Nikamwambia Yésica ile ilikuwa kelele ya nyuma, ndivyo kazi inavyofanywa, redio zote duniani husafisha. Nikatumia neno la Kichina la kelele, nililolijua darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Si kelele, turay. Ni mtu."

Akaniambia kijijini kwao mtu hasimulii peke yake. Ukisimulia lazima awepo wa kuitikia, na anayeitikia ana kazi sawa na msemaji. Ndiye shahidi kwamba maneno yametoka na yamepokewa. Wakimkosa wa kuitikia hawaanzi, wanasubiri. Hata makaburini, mtu akienda kumweleza marehemu habari za nyumbani, huenda na mwenzake, na yule mwenzake ndiye huitikia kwa niaba ya aliyelala. Akasema hata maiti kwao hasemeshwi vile nilivyomsemesha mama yake, peke yake bila wa kuitikia.

Mama, nilitoka pale nikatembea hovyo. Nilikatiza mitaa mpaka Liuhua, pale stesheni, katikati ya watu wanaoburuta mifuko ya viatu, nikasimama kama mtu aliyepotea ilhali njia naijua. Nilikuwa nakuona wewe.

Nilikuona kwenye kile kigoda chako. Hukuwa ukiuliza maswali. Wenzetu wa redio kubwa walikuja na karatasi za maswali, wewe ulikuja na kigoda, ukaketi chini kuliko mzee, magoti yenu yakakaribia kugusana, ukamwambia nimekuja baba. Kisha kazi yako yote ikawa kuitikia. "Ee." Mzee anasema kidogo. "Ee." Anasema zaidi. "Ee, baba." Kulikuwa na ee ya kusikia, na ee ya kusikitika, na ile ee ndefu ya kumwambia usiogope, endelea, nipo. Yule mzee wa Masoko aliyekuwa hajataja jina la mwanawe kwa miaka mingi, alilitaja mbele yako, na wewe hukuwa umesema lolote zaidi ya ee. Mimi nilikuwa pembeni na hedifoni, natazama mshale wa sauti, nakuombea ukae kimya ili kazi yangu iwe rahisi.

Na jioni nilizikata. Zote. Nilikuwa hodari, Mama. Ulikuwa unapita nyuma ya kiti changu, unaona mawimbi yako yanapotea kwenye kompyuta, unasema Fundi Mkasi yuko kazini, unakwenda kuchemsha chai. Kadi tulikuwa nazo chache, basi nikishamaliza kukata nilifuta rekodi mbichi ili kadi itumike kesho yake. Ndiyo ilikuwa kanuni yangu, na niliwafundisha na wengine.

Sasa unajua zile saa mbili za siku ya msiba zilikwenda wapi. Nilikutafuta. Nilifungua faili baada ya faili. Nilisikia wazee wa Tukuyu, wa Busokelo, wa Masoko, wote wanasema vizuri, wanasemea hewani, hakuna mtu mbele yao. Miaka sita ulikuwepo kila siku, na hukuwemo popote. Hukuwahi kujitangaza, hukuwahi kusema jina lako mwanzo wa kipindi, ulisema kipindi ni cha mwenye maneno. Sauti yako ilikuwa ee tu, na mimi ndiye niliyeitoa. Ningemwambiaje Sekela? Nikasema diski imekufa. Ilikuwa rahisi kuua mashine.

Utaniuliza, kama nililijua hilo siku ya msiba, mbona nilirudia kosa lile lile kwa Bibi Asunta? Sina jibu la heshima. Nilijitia hamnazo. Nilijiambia ni bahati mbaya, ni unyenyekevu wako ndio uliokuficha, nikaifunga diski ndani ya soksi. Wanasema majuto ni mjukuu, na mimi nilikuwa sijataka hata kupata mtoto. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama, sikusikia, ikabidi ulimwengu uje kutoka Bolivia.

Ilipita wiki tatu ndipo Bibi Asunta akakubali kuongea nami. Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao jioni. Nilikaa na Yésica mbele ya simu, nikaona kwenye kioo kikongwe mwenye kofia, amekaza midomo, hataki kunitazama. Niseme nini? Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, ya ufundi, yenye sababu. Yakanikauka. Nikaanza kumsimulia wewe.

Nilisema kwa Kichina, sentensi fupi, ili Yésica atafsiri. Nilikuwa na mwalimu. Nikapumua. Na kabla Yésica hajafungua mdomo, yule kikongwe akasema, "Arí."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasema, alikaa kwenye kigoda. "Arí." Nikasema, aliwaitikia wazee wetu. "Arí." Hajui Kichina hata cha kuomba maji, Mama! Alikuwa bado amenikasirikia, alikuwa hajanitazama, lakini mtu anasimulia, na yeye hawezi kumwacha mtu anayesimulia akiwa peke yake. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia mkasi, na kadi nilizofuta, na Sekela, na diski. Yésica alikuwa anatafsiri huku anafuta macho, na kila mahali penye kituo ile arí ilikuja, na nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba nimeshawahi kusikilizwa hivi, na kwamba ni pale Tukuyu, na kwamba ni wewe. Sijawahi kuogopa kitu kizuri namna ile. Nilitamani kuvua viatu.

Nilipomaliza akanitazama. Kisha akauliza swali moja, na Yésica alisita kulitafsiri. "Na huyo mama yako, sasa hivi nani anaitikia kwa niaba yake?"



Akasema amenisamehe, ila redio zangu zilizojazwa maneno hazitaki. Akasema, "Tuletee mashine ya kurekodia, tutaishika wenyewe." Na Mama Saturnina nyuma yake akaitikia arí, na mimi nikaitikia ee, na simu ikakatika, mtandao wa milimani.

Nilirudi kwa Laobani Huang. Nikamwambia zile redio nyingi sizitaki tena, nataka vinasa sauti vichache vya sola, vigumu kuvunjika, na kila kimoja maiki mbili. Akasema meiyou, hakuna, na laobani wa hapa akisema meiyou usibishe, subiri. Nikasubiri. Akaniuliza maiki ya pili ya nini, mtangazaji si mmoja? Nikamweleza kwamba moja ni ya anayesema na nyingine ya anayeitikia. Akasema mama yake mzazi kule kijijini kwao hupiga simu kila siku, na yeye huiacha juu ya meza akipanga mzigo, anasema en, en, en, yaani ee ya Kichina, bila kusikiliza. Akaingia stoo. Mzigo ulipatikana baada ya siku tisa, na ndani alikuwa ameongeza vifuniko vya upepo vya maiki, sikuviomba.

Kisha tukaanza kufundisha, miezi miwili, kwa video. Mimi nasema Kichina, Yésica anageuza Kikechua. Jinsi ya kuweka maiki, jinsi ya kupima sauti, jinsi ya kupanga kipindi: wimbo, neno, ushuhuda, shauri la nyumbani. Mama Saturnina anashika mambo haraka kuliko mimi nilivyoshika kwako. Somo la kukata nilitaka kulifundisha mwisho, kwa woga. Nikamwuliza Bibi Asunta nani atachagua cha kukata. Akasema yeye. Hajui kusoma, lakini anavaa hedifoni juu ya kofia, anafumba macho, na akisikia cha kutoa anainua kidole. Akaweka sheria moja, nimeiandika kwa kalamu nene ukutani hapa, "Kikohozi kateni. Mtu msimkate."

Juzi Alhamisi kimefika kipindi chao cha kwanza. Chao chenyewe, sikugusa hata sekunde. Watakisikiliza vijiji saba vya bonde lile, na kuna vijiji viwili vimeshaomba vifundishwe, na watakaowafundisha ni hao hao akina mama, si mimi.

Nilikifungua nikiwa nimesimama. Upepo ukaingia chumbani. Nakuambia, upepo wa kule juu milimani uliingia Xiaobei, ukapita juu ya honi na mikokoteni. Nikasikia watu wanaimba, sauti nyembamba za juu kabisa, halafu Mama Saturnina anasoma Neno kwa lugha ya mama yake, taratibu, na Bibi Asunta anaitikia. Amekaa karibu mno na maiki, sauti yake inapasuka kidogo. Nadhani ni makusudi, ananisuta. Mkono wangu ulikwenda kwenye kipanya wenyewe. Wenyewe, Mama! Kidole kimeshagusa. Nikauondoa, nikaukalia, nikasikiliza mpaka mwisho nikiwa nimekalia mkono wangu kama mtoto wa chekechea. Sikuelewa neno hata moja. Nililia kwa sababu hawakunihitaji, na kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kutengeneza.

Baada ya hapo nikapiga moyo konde nikampigia Sekela.

Nilimwambia yote, bila kupamba. Kwamba diski ni nzima. Kwamba nilikutafuta nikakukosa kwa sababu nilikukata mwenyewe. Kwamba nilimdanganya siku ya msiba.  

Sekela akacheka. Kicheko chenye machozi ndani, lakini kicheko. Akasema, kaka, mama alijua. Akasema ulikuwa ukirudi nyumbani na kadi ya kipindi kilichokamilika, unakiweka jikoni ukimenya ndizi, unasikiliza kipindi chako mwenyewe mpaka mwisho. Na kila mahali nilipokuwa nimekata, wewe ulikuwa unaitikia. Kwa sauti, hapo jikoni, peke yako. "Ee. Ee, baba." Akasema mara nyingine ulichelewa, ukalalamika kwamba kijana huyu anaziba mno, hamwachii mtu hata nafasi ya kumeza mate. Sekela akakuuliza mbona humkatazi. Ukasema, "Mwache. Akianza kusikia ataacha mwenyewe."

Mama.

Miaka sita uliyarudisha jikoni niliyoyatoa studio. Hakuna mzee hata mmoja uliyemwacha aseme peke yake, hata baada ya mkasi wangu. Na hukunisema. Ningekuwa mimi ningenisema siku ya kwanza.

Nilimwuliza Sekela nifanye nini. Akasema wazee wengine bado wapo, si wengi, na yule wa Masoko bado anaulizia lini mtarudi. Akasema kigoda chako kipo, hakuna aliyekigawa kwenye matanga. Nimeshakata tiketi ya Desemba. Nitakwenda kwao wote waliobaki, nitaketi chini kuliko wao, na hedifoni atavaa mtu mwingine. Sauti yako siwezi kuirudisha, hilo nimelikubali, na linaniuma leo kama siku ya kwanza. Lakini pale penye nafasi yako hapatakuwa patupu tena. Nakuahidi hivyo, na safari hii sijipigi kifua.

Swali la Bibi Asunta lilipata jibu jana. Nilimwambia Yésica kwamba nakuandikia barua na nitakusomea kwa sauti hapa hapa, kwa kuwa kaburi lako liko mbali. Akauliza utaisoma ukiwa na nani. Nikasema peke yangu. Akanitazama kama vile nimesema nitakula mawe. Atafika saa nne, ameshanitumia ujumbe kwamba yuko kwenye metro. Kiswahili hajui, hatafahamu hata sentensi moja ya haya niliyoandika. Amejifunza neno moja tu, "ee", nimemfundisha namna zake tatu, ile ya kusikia, na ya kusikitika, na ile ndefu.

Basi ndaga fijo, asante sana, Mama. Ndaga kwa kazi, na kwa chai, na kwa jikoni. Lala salama huko uliko, penye anayekusikia bila mashine. Naacha kalamu, mgeni wangu anagonga. Nitaisoma barua hii kwa sauti, yote, pamoja na yale ya aibu, na kila nikifika mwisho wa sentensi nitatulia.

Mwanao wa kazi,
Ambakisye